Pima Thelathini na Sita

Nilifika Ujiji Alhamisi saa tano asubuhi, nikakuta uani kwa Mama Bukuru mikeka imetandikwa, masufuria makubwa ya kuazima yamepangwa ukutani, na akina mama wamekaa na khanga mabegani wakizungumza kwa sauti ya chini. Bukuru, binti yake mkubwa, alikuwa amenipigia simu jioni iliyotangulia akasema, "Dada Konso, mama ametutoka," nami nikapanda gari la kwanza kutoka Kasulu. Nilipewa nafasi kwenye mkeka karibu na ukuta wa chumba nilichowahi kupanga. Vijana watatu wa kikundi cha kulinda mto, hawa wa siku hizi wenye fulana za kijani, walikuwa wanafunga turubai, na mmoja wao alikuwa anamweleza mgeni kutoka Mwandiga mahali pa kuwaona fisi maji. "Nenda Kwa Mvamizi," alisema. "Asubuhi, kabla jua halijapanda. Hakuna penye matete mengi kama pale." Mgeni akauliza kwa nini panaitwa hivyo. "Sijui. Kuna mtu zamani alivamia mto akalima, wakamtoa." Aliyasema hayo hatua kumi kutoka mlango wa marehemu, bila ubaya wowote, huku akivuta kamba ya turubai. Nilitaka kusimama nimwambie anyamaze. Sikusimama. Ni tabia yangu ya muda mrefu, na mwaka nilioianza nataka kuueleza kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi, na mpangaji pekee wa Mama Bukuru. Nilikotoka na kilichonifikisha Ujiji peke yangu si vya hapa. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja la mbao lililotazama jikoni, kwa hiyo kila alichopika nilikijua kabla hakijaiva, na kila aliyekuja kuongea naye nilimsikia nitake nisitake. Kuta zilipakwa chokaa hadi usawa wa kifua tu, kwa sababu hapo ndipo chokaa ilipomwishia mumewe, na baada ya mume kufariki hakuna aliyeendelea. Tulikubaliana kwamba nitajipikia. Siku ya tatu alisimama mlangoni akaniangalia nikihangaika na jiko la mkaa, akasema, "Mwalimu, wewe utakufa njaa na vyeti vyako," akachukua sufuria langu, na halikurudi chumbani mpaka nilipohama. Tangu hapo nilikula kwake pamoja na mapacha wake, Bukuru na Butoyi: ugali wa muhogo, samaki wakavu wa migebuka waliopikwa kwenye mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu, na baada ya mavuno wali wa mpunga wake mwenyewe, ambao hakuupakua bila kutukumbusha umelimwa wapi. Alikuwa mfupi, sauti nene, mwenye mizaha aliyoitoa bila kutabasamu, hata mwezi wa kwanza nilidhani ananichukia. Asubuhi alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na nikijibu vibaya alisubiri nirudie mpaka nipatie ndipo ananipa chai.

Mto Luiche unaingia ziwani kusini ya mji, na mwaka ule ulikuwa unaliwa pembeni. Watu walilima mpunga na nyanya mpaka mashina yakagusa maji. Matete yalichomwa, kingo zikaporomoka, mto ukawa mpana, mwekundu, wa kina cha goti. Wavuvi ndio waliogundua mapema, kwa sababu mvua za kwanza zikianza kambale na ngege hupanda mtoni kutaga kwenye nyasi zilizofurika, na nyasi zilikuwa hazipo tena. "Samaki anafika mlangoni anakuta nyumba imebomolewa," alikuwa akisema Mzee Shabani, na huyo ndiye aliyeanzisha kikundi. Alikuwa mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo, mtu wa Ujiji ambaye babu zake walivuka kutoka Kongo, mrefu kiasi kwamba mji mzima ulimwita Mlingoti. Hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo sababu watu walimwogopa. Tulikuwa kumi na wanane, wavuvi karibu wote, hatulipwi na hatuna hata kofia ya kufanana. Watu walituita watu wa mto. Nilifanywa katibu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na ndugu hata mmoja mwenye shamba pale. Mwenye nyumba wangu hawakumhesabu kuwa ndugu, na wakati huo hata mimi sikumhesabu.

Kazi yetu ilikuwa kuweka mpaka: mita sitini kutoka majini kila upande, ndani yake pasilimwe, matete na nyasi zirudi. Ofisi ya mtaa ilitupa barua yenye mhuri na haikutupa tepu ya kupimia. Tepu iliyokuwepo, tuliambiwa, imeazimwa na aliyeiazima amesafiri. Wavuvi hawakuona shida yoyote. Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kila kitu hupimwa kwa pima: nyavu, kamba ya nanga, kina cha maji. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na mwaloni kila mtu anajua kwamba pima tatu ni mita tano. Kwa hiyo mita sitini ni pima thelathini na sita. Shabani alisimama mchangani, akaipitisha kamba mpya ya nailoni kifuani pake mara thelathini na sita, akafunga fundo, sisi tukihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Aliyehesabu kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi, mwalimu wa hisabati.

Tulipima kwa wiki tano. Shabani alishika kamba upande wa maji, mimi nilishika upande wa juu na kuonyesha mahali pa kupigilia mambo, yaani vigingi vya mpaka. Wakulima walisimama wameegemea majembe wakitutazama bila kutuamkia, na kwa watu wa Kigoma kumpita mtu bila salamu si jambo dogo. Mkubwa wao alikuwa Bwana Chobaliko, mwenye nyanya nyingi na pampu mbili, mtu wa maneno ya adabu. Siku tuliyopita kwenye shamba lake vibarua wake wanne walitembea sambamba nasi na mapanga, wakikata nyasi ambazo hazikuhitaji kukatwa. Asubuhi iliyofuata tulikuta mambo arobaini zimeng'olewa na kupangwa vizuri kama kuni mbele ya mlango wa ofisi. Tukazirudisha. Wiki hiyohiyo tukazikuta pale tena, safari hii zimekatwa katikati.

Shamba la Mama Bukuru tulilifikia wiki ya tatu. Lilikuwa jembamba mno, upana wake hatua saba au nane, refu kama uwanja wa mpira, limelala sambamba na mto. Upande wa juu lilipakana na mfereji na mashamba ya watu wengine. Upande wa chini kulikuwa na matete mazito, marefu kuliko Shabani, yale pekee yaliyobaki upande ule wa mto, na siku hiyo kabla hatujaanza tulimwona fisi maji akipita na samaki mdomoni, tukanyamaza wote mpaka akazama. Kamba iliponyooshwa, mwisho wake ulivuka shamba lote na kuishia kwenye mfereji. Mama Bukuru alikuwa ameinama anapalilia. Alinyanyuka.

"Mwalimu," alisema, "baba watoto alipimiwa hapa na bwana shamba. Akaambiwa aache hatua zake sabini na tano toka majini, akaacha. Hayo matete ni sisi tuliyaacha."

"Kamba haisemi uongo, mama," nilimjibu.

Nilisema kwa sauti ya darasani, maana wenzangu walikuwa wanasikiliza na sikutaka waone ninampendelea anayenilisha. Aliitazama kamba, akanitazama mimi. "Kama ni wewe umepima," alisema, akachukua jembe lake na chupa yake ya maji akaenda nyumbani. Palizi ilikuwa imefika nusu.

Ofisi ya mtaa ilidai orodha ya waliokutwa ndani ya mpaka, na kichwa cha orodha hiyo waliutaka uwe "Wavamizi wa Kingo za Mto". Niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, majina thelathini na moja. Yustina Ntahondi, ambaye ndiye Mama Bukuru, alikuwa wa kumi na moja. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo kila aendaye kisimani hupita. Jioni ile alinipakulia kipande kikubwa cha mgebuka kuliko cha Butoyi, na Butoyi akalalamika, akaambiwa mwalimu ametembea juani siku nzima.

Wiki chache baadaye shule ilikuwa na mashindano ya michezo na nikapewa kazi ya kuchora njia za mbio. Nikakumbuka kwamba ninayo kamba ya mita sitini chini ya kitanda. Mwalimu wa michezo alikuja na tepu ya chuma aliyoazima kwa fundi, tukailaza kamba ardhini, akaanza kusoma. Sitini ilipita. Akaendelea. "Mwalimu, hii kamba yako ni sitini na saba na kidogo," alisema, akacheka, akaniuliza kama nilinunua kwa Wahindi au nilizidishiwa na mjomba. Nilimwambia tupime tena. Tulipima mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kuelewa, nimesimama katikati ya uwanja na watoto wanapiga kelele pembeni: pima tatu ni mita tano kwa mikono ya mtu wa kawaida. Tulimpa kamba Mlingoti. Hizo mita saba zilizozidi ndizo upana wa shamba la Mama Bukuru, lote.

Nilimkuta Shabani kwake, amekaa barazani anaziba nyavu za mkwewe. Nilimweleza. Aliziweka chini nyavu, akanyoosha mikono yake akaitazama, mmoja baada ya mwingine, kama vile ameletewa vitu vya mtu mwingine.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu wa michezo. Lakini hajui kamba ni ya nini."

"Basi anajua Mwalimu Konsolata na anajua Shabani." Akachukua nyavu tena. "Sikiliza, mwanangu. Wengine wote wapo majini kabisa. Ukitoa saba, ukitia saba, bado wamo. Mtu mmoja tu ndiye hizo saba zinamgusa."

"Ndiye huyo ninayemsema."

"Chobaliko anakusanya sahihi za kuupinga mpaka. Akisikia kamba ilizidi, hatasema turudishe mita saba. Atasema hakuna mpaka. Na mvua hii hapa inakuja, samaki wanakuja. Tukishindwa mwaka huu hatupimi tena." Alikata uzi kwa meno. "Ngoja mvua ipite. Halafu tutarekebisha kwa utaratibu."

Nilikubali. Ningependa kuandika kwamba alinilazimisha, ila mzee wa watu hakunilazimisha. Aliyoyasema yalikuwa na maana, na kuyakubali kulinipunguzia kazi ya kusimama mbele ya watu nikasema nimekosea hesabu. Sasa nikiwa na umri wa kumwelewa, naona yeye alikuwa analinda mto. Mimi nilikuwa ninalinda sura yangu, nikauweka mto mbele yake ili isionekane.

Nilikaa na jambo hilo wiki sita, na kwa wiki sita nilikula mkekani kwake kila jioni. Nilianza kubakiza chakula. Nilijifunza kumeza bila kumtazama. Siku moja mchana, nikiwa chumbani nasahihisha madaftari, nilimsikia mwanamke wa kwaya ya kanisani kwao akiingia jikoni, wakaongea habari za mazoezi, kisha sauti ya mgeni ikashuka.

"Hata wewe, Yustina? Nimeona jina."

"Nimeliona na mimi."

"Na huyo binti wa chumbani ndiye katibu wao."

"Ego," alijibu, yaani ndiyo.

"Na bado unampikia?"

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. "Anakula kidogo siku hizi," alisema Mama Bukuru. "Sijui anaumwa."

Nilifunika uso kwa daftari la mtoto wa watu. Hata hivyo sikutoka. Ijumaa ya wiki hiyo Bukuru alirudi shuleni na mkono wa sare umechanika, akakataa kusema, mpaka Butoyi akasema yeye: bombani walimwita mtoto wa mvamizi, akawarukia watatu peke yake. Mama yao alishona mkono ule mbele yangu, taratibu, akitumia uzi wa bluu kwa kuwa mweupe ulikwisha. Bukuru alikuwa na miaka kumi na mbili, na nilikuwa ninamfundisha.

Mkutano wa mtaa uliitishwa kwa shinikizo la Chobaliko na sahihi zake. Siku moja kabla, mchana, nilimkuta Mama Bukuru uani anachambua dagaa kwenye ungo, nikachuchumaa mbele yake nikamwambia yote: kamba, tepu, mikono ya Shabani. Nilisema haraka haraka nikitazama dagaa. Aliniacha nimalize. Akafunika ungo kwa mfuko wa sandarusi, akafunga khanga vizuri, akatoka, nami nikamfuata nyuma mpaka mtoni, mwendo wa karibu saa nzima. Alipita ndani ya matete kwa njia anayoijua yeye. Pale maji yalipoanzia aligeuka, akahesabu hatua kwa sauti kupanda juu, kwa Kiha, hatua ndefu zisizo zake, alizojifunza kwa marehemu mumewe. Sabini na tano ziliishia kwenye ukingo wa chini wa shamba lake, ambako magugu yalikuwa yameshameza mpunga.

"Hili nililijua siku ileile," alisema. "Nilichokuwa sijui ni kama na wewe unajua. Umejua lini?"

"Wiki sita, mama."

"Wiki sita," alirudia. Alitazama nyumba za ndege zilizoning'inia kwenye matete, akazitazama kwa muda mrefu. Nilimwambia kesho nitasimama niseme. Akaniuliza Chobaliko atafanya nini nikisema, nikamweleza kama Shabani alivyonieleza. Akauliza, "Na haya matete?" Nikamwambia hayatapona. Tukarudi, akapika dagaa wale, akatupakulia sote.

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali na uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa mpaka barabarani. Wengi walikuja na majembe, wengine na mapanga, wakidai wametoka shambani moja kwa moja. Sisi kumi na wanane tulisimama upande mmoja karibu na ubao, na nilikuwa karibu na orodha kiasi kwamba niliweza kusoma nukta zangu. Shabani aliongea kwanza, akazomewa kidogo. Kisha Chobaliko akasimama, akavua kofia, akawasalimu wazee kwa taratibu zote.

"Mimi sina ugomvi na samaki," alisema. "Ninaomba jambo moja. Hawa wanasema wanafuata kipimo. Hapa yupo mama mjane, Mama Bukuru. Wote mnajua mume wake alipimiwa na bwana shamba. Leo ameandikwa mvamizi. Mama, simama utuambie walivyokunyang'anya. Akisema amenyang'anywa kwa haki, mimi naondoa pampu zangu kesho. Akisema ameonewa, basi mpaka wote umeonea watu, na tuung'oe leo."

Watu wakaguna kukubali. Majembe yalishuka mabegani. Mama Bukuru alisimama katikati ya wanawake, na kwa sababu ya ufupi wake waliokuwa nyuma walidhani bado hajasimama, wakapiga kelele asimame. Nilijua kwamba anajua habari ya kamba, na Shabani, ambaye sikumwambia kwamba nimemweleza mama, hakujua hilo. Alikuwa amesimama bila wasiwasi, mikono yake mirefu nyuma ya mgongo.

"Sikunyang'anywa," alisema Mama Bukuru. "Shamba nimeuachia mto."

"Kwa hiyo unakubali ulivamia?" aliuliza Chobaliko. Sauti yake ilibadilika. Hakuwa ametegemea jibu hilo.

"Andikeni mnavyotaka," alisema Mama Bukuru, akakaa chini.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Alinigeukia. "Katibu, umesikia. Mama ameachia mwenyewe. Orodha tuirekebishe au ibaki ilivyo?" Sidhani kama alikuwa na maana yoyote kubwa. Alitaka neno la kuandika kwenye muhtasari. Alinipa nafasi bila kujua anampa nani nini, na watu mia tatu walikuwa wananitazama, na Chobaliko alikuwa ananitazama zaidi yao, na niliona kwamba nikisema tu jina la Mama Bukuru litolewe, swali lake la pili litakuwa kwa nini.

"Ibaki," nilisema.

Pampu ziliondolewa, si kesho yake, ila ndani ya wiki mbili ziliondolewa. Mama Bukuru aliningoja njiani siku ile, tukatembea pamoja. Sauti yake haikuwa na hasira na hilo lilinitisha kuliko hasira. "Mvua ikipita, mpaka ukishazoeleka, uniondoe kwenye orodha ile," alisema. "Useme mbele za watu, kama ulivyosema leo. Shamba sidai. Mume wangu alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa, na mimi niliendelea hivyo. Sitaki watoto wangu waambiwe vingine."

"Nitakuondoa, mama," nilimwambia, na nilimaanisha.

Mvua zilikuja nzito. Nyasi zilifurika, na asubuhi moja Shabani alituita, tukasimama kimya kando ya matete, tukaona maji ya kina cha kifundo cha mguu yakitikisika kila mahali kwa kambale waliokuwa wanapanda, migongo yao nje, wengi hadi hatukujua tutazame wapi. Wanaume wazima walilia. Na mimi nililia, nikajiambia huu si wakati wa kuleta maneno. Mwezi wa tatu ikaja barua ya ajira, nikapangiwa Kasulu, nikaondoka ndani ya siku mbili. Mama Bukuru alinifungia mchele wa kununua, maana wa kwake haukuwepo. Nilipokuja likizo ya kwanza orodha bado ilikuwa ubaoni, imepauka, na palipokuwa shamba lake watu wameanza kupaita Kwa Mvamizi. Likizo ya tatu ubao wenyewe ulikuwa umeng'olewa, nikashukuru Mungu, nikajiambia sasa hakuna cha kufuta. Miaka ikapita hivyo. Nilimletea sukari, sabuni, mara moja kitenge cha maana. Alipokea vyote, akanipikia, akaniuliza habari za wanangu. Ahadi ile hakuitaja hata siku moja, nami nilijua haijasahauliwa kwa namna alivyokaa kimya kidogo kila nilipoaga. Shabani alifariki, akazikwa kwa heshima kubwa, na nikakosa hata wa kusingizia.

Ijumaa, siku ya pili ya msiba, Bukuru alikuja nilipokaa akanipa daftari na kalamu. Ni mama mtu mzima sasa, ana sauti nene ya mama yake. "Dada Konso, wewe una mwandiko," alisema. "Tuandikie wasifu wa mama, na kesho uusome." Akanitazama kidogo, akaondoka kwenda kuangalia maharage. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilichana mara nne.

Tulimzika Jumamosi saa nane. Kabla ya kushusha jeneza niliitwa, nikasimama na karatasi. Chobaliko alikuwa mbele, mzee kabisa, kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake katikati ya magoti. Nilisoma alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani. Halafu nikasoma: "Marehemu alikuwa mkulima wa mpunga. Shamba lake halikuwa ndani ya mita sitini za mto. Kamba tuliyopimia ilizidi. Niliyeandika jina lake kwenye orodha ya wavamizi ni mimi, baadaye nikajua, nikanyamaza. Aliuachia mto shamba lililokuwa halali yake."

Vijana wa fulana za kijani waliangaliana. Chobaliko aliinua fimbo. "Rudia hapo," alisema.

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, maana ana shida ya kusikia. Alisikiliza hadi mwisho, akaishusha fimbo, akainamisha kichwa. Nilimtazama Bukuru. Alikuwa amesimama kando ya jeneza, mkono mmoja juu yake, macho makavu.

"Tulikuwa tunajua," alisema taratibu, ili nisikie mimi tu. "Alikuwa anakungoja. Wiki iliyopita nilipokupigia kwamba anaumwa, nilimwambia unakuja. Alinituma nimtafutie gauni lake la kanisani, akasema Konsolata akija atataka kuzungumza mbele za watu. Soma majina ya watoto."

Siku ile aliponipigia nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikamwambia nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nikasoma: Bukuru, Butoyi. Mama yao alikuwa ndani ya jeneza amevaa gauni lile la kanisani, na Jumamosi niliyoahidi ilikuwa hiyohiyo.